Mti Ulioanguka Una Mwenyewe
Hotuba kwa walimu na watu wa mitaa, katika siku za jubilei



Wazee wa kamati waliponiita wakaniambia, "Mwalimu, wewe nawe utasema neno katika jubilei yetu," nalidhani wataka niseme habari za majengo, nani alijenga na mwaka gani. Nikawaambia kwamba habari hizo zimeandikwa tayari, tena na watu wanaozijua kuliko mimi. Wakacheka, wakasema, "Sema unalolijua." Basi mimi najua miti. Nami naomba mnivumilie, maana neno langu la leo si la sherehe tu, bali ni la kutuuliza swali.

Swali lenyewe ni hili: mti uliokufa, au ulioangushwa na upepo, au ulioungua, katika msitu ambao ni mali ya watu wote, nani ana ruhusa ya kuuchukua? Na kabla haujachukuliwa, yapasa kuulizwa nini? Mtaona ni swali dogo. Watu wengi husema, "Mti mbichi tusiukate, tumekubali; lakini huu umekwisha kufa, una kazi gani tena?" Mimi mwenyewe nalisema hivyo miaka mingi. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimeacha kusema hivyo.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto wa shule, masika moja upepo uliangusha mkamfa mkubwa juu ya kijiji chetu, ule mti ambao wengine huuita mkulo. Ulianguka ukalala juu ya bonde kama daraja. Wazee wakakaa shauri, wakaenda kuomba ruhusa, wakapewa karatasi: mti mmoja, ulioanguka, kwa ajili ya madawati ya shule. Wakachimba shimo la kupasulia, mmoja akasimama juu na mmoja chini, wakavuta msumeno wiki tatu. Madawati yakapatikana, nami nilikaa juu ya moja lao, na harufu ya kamfa ilikuwa bado mpya. Hapo hapakuwa na kosa lo lote.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, miti saba ilianguka. Hapakuwa na upepo. Watu wakasema, "Mwaka huu msitu unakufa." Karatasi nyingine ikatoka, na hiyo haikutaja idadi, ilisema tu "miti iliyoanguka." Mbao zikashuka kwa malori usiku na mchana. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa kupasua mbao, naye alipata kazi nyingi sana. Mwaka ule ndipo nilipopelekwa shule ya kulala, na ada yangu ilitoka mkononi mwake.

Miaka mingi baadaye, naye amekuwa mzee na macho yake yamefifia, alinichukua mpaka pale pale. Visiki vilikuwa bado vipo. Akaniambia niondoe ukungu wa kijani kwa mkono wangu. Nikaondoa, nikaona mizizi imekatwa kwa shoka, mmoja mmoja, upande wa juu wa mteremko, ndipo mti ukaachwa uanguke kwa uzito wake wenyewe. Akasema, "Mwanangu, miti hii haikufa, ilifishwa. Miwili ni yangu. Ada yako ilikuwa humo." Hakuongeza neno, nami sikuwa na neno la kumjibu.

Ndugu zangu, simsemi vibaya baba yangu mdogo, wala simtaji aliyeandika ile karatasi, maana hawapo kujitetea. Tena sitadai kwamba miti saba ilikausha mto wetu. Nawaeleza kisa hiki kwa sababu moja: ile karatasi ya kwanza ilikuwa njema, na ile ya pili iliharibu. Tofauti ya karatasi mbili zile ilikuwa maswali. Ya kwanza iliulizwa: mti upi, uko wapi, wa kazi gani, nani amekwenda kuuona? Ya pili haikuulizwa kitu. Na msitu ambao hauulizwi kitu, miti yake hujifunza kufa upesi.

Sasa tuangalie msitu wetu umepitia mikono ya nani. Mapema katika karne ya 20 Wadachi waliutenga msitu wa Kilimanjaro. Mwaka 1921, Waingereza walipokuwa wametawala, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1941 kikatengwa kile kipande ambacho kila mtoto wa mteremko huu anakijua kwa jina la Nusu Maili. Ni ukanda uliopita kati ya vihamba na msitu mkubwa, upana wake nusu maili, yaani kama mita 800, ili wenyeji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea, wasilazimike kuingia ndani zaidi. Mwaka 1973 sehemu ya juu ya mlima, juu ya msitu, ikawa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwaka 1987 mlima ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Kisha mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi, na Nusu Maili pamoja nao, ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Kwa nini waliuingiza? Kwa sababu msitu ulikuwa unaliwa. Mwaka 2001 watu waliruka juu ya mlima kwa ndege ndogo, wakihesabu uharibifu kutoka angani. Waliona maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, hasa mikamfa upande wetu wa kusini, na matanuri ya mkaa, na mashamba yaliyofichwa katikati ya msitu. Haya yote yalionekana wakati ambapo kukata miti ya asili kulikuwa kumekwisha katazwa. Katazo lilikuwapo, na miti iliendelea kushuka. Hapo twajifunza kwamba katazo peke yake halilindi mti. Mti hulindwa na watu wanaouliza maswali, na sheria inayowapa nguvu ya kuuliza.

Labda mtaniuliza, "Mwalimu, mti uliokufa una faida gani hata tuupigie kelele namna hii?" Nitajibu kama nilivyojifunza, kwa macho na kwa vitabu.

Kwanza, mti uliolala chini ya msitu wetu ni kama sifongo. Unavaa ukungu wa kijani, unanyonya mvua ya masika, na wakati wa kiangazi unaiachia kidogo kidogo. Maji tunayoyaona katika Karanga, Weruweru, Kikafu na Himo, yaliyolisha mifereji ya babu zetu na kushuka mpaka mto Pangani, sehemu yake kubwa hutoka katika mkanda wa msitu, si katika theluji kama wageni wengi wanavyodhani.

Pili, mkamfa una tabia yake. Mti mkubwa ukianguka au ukifa, mara nyingi watoto wake huchipuka kutoka katika mizizi ya mama. Ukileta trekta kuburuta gogo, au ng'ombe, au hata watu ishirini wenye kamba, unavunja machipukizi yale yote kwa siku moja. Umechukua mama aliyekufa, ukawaua na watoto walio hai.

Tatu, mti mkavu uliosimama ni nyumba. Ndege hutaga katika matundu yake, na nyuki hukaa humo. Wadudu na uyoga huuozesha, na udongo hupata chakula chake.

Nne, ni barabara. Gogo halina miguu. Ili litoke, lazima njia ikatwe. Njia ikikatwa kwenye mteremko mkali kama wetu, mvua ya masika huifanya korongo. Tena njia iliyofunguliwa kwa ajili ya mti mmoja mkavu haijifungi yenyewe, nao wenye tamaa hupita njia ile ile kufuata miti mibichi.

Basi tuje kwenye sheria. Najua watu wengi huogopa neno hili, wakidhani sheria ni kitu cha wanasheria. Sivyo. Walimu, nawaomba msikilize hapa kwa makini, maana ninyi ndio mtakaowasomea wengine.

Sheria ya Misitu ya Tanzania, namba 14 ya mwaka 2002, katika fungu lake la 18, yasema kwamba mtu akitaka kuvuna miti kwa biashara katika msitu wa hifadhi, au kujenga barabara, au kuchimba madini humo, yapasa kwanza itengenezwe tathmini ya athari kwa mazingira. Kipimo kinachotajwa ni kazi yenyewe na mahali pake. Haitoshi mtu kusema, "Ni mikavu tu."

Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004. Hii ndiyo iliyolipa nguvu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, kusimamia tathmini hizi. Kanuni zake zilitoka mwaka 2005, zikabadilishwa mwaka 2018. Kanuni zile zimepanga kazi kwa madaraja: zipo kazi ambazo lazima zifanyiwe tathmini kamili, zipo ambazo hutazamwa kwanza ndipo huamuliwa, na zipo ndogo zisizohitaji tathmini kamili. Tena zimetaka watu wanaoishi karibu waelezwe na wasikilizwe. Angalieni neno hilo, wasikilizwe. Mama anayeteka maji chini ya bonde ana haki ya kusema kabla gogo halijaburutwa juu ya bonde.

Zaidi ya hayo, katika misitu ambayo uvunaji unaruhusiwa, iko kamati ya uvunaji ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Mvunaji lazima awe na leseni, gogo lazima ligongwe nyundo ya serikali, na mbao zikisafiri lazima ziwe na hati ya kusafirishia. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa, kama mlima wetu ulivyo sasa, biashara ya mbao haina nafasi kabisa, iwe ya mti mbichi au mkavu.

Nimemaliza upande wa sheria, sasa nataka kuwa mwaminifu na kusema upande wa pili, maana najua wengine wenu mnanung'unika moyoni, nanyi mna haki.

Mama mmoja aliniambia hivi: "Mwalimu, wewe unasifu gogo lililooza, na mimi sina kuni. Nusu Maili ilikuwa yetu. Babu zetu waliahidiwa. Leo nikiingia na kamba na panga naitwa mwizi." Ndugu zangu, maneno haya ni mazito, nami sitayapuuza. Ule ukanda ulitengwa kwa ajili ya wenyeji, nao waliutegemea kwa miaka zaidi ya sitini kabla ya 2005. Sheria nzuri isiyomwachia mama njia halali ya kupika chakula humfundisha mama yule kuidharau. Kwa hiyo nasema wazi: mzigo wa kuni kichwani pa mama, matawi makavu yaliyookotwa kwa mkono, si kitu kimoja na lori la mbao. Anayeyaweka mambo haya mawili katika fungu moja hawatendei watu haki, tena hausaidii msitu. Yapasa wenye hifadhi na wenye vijiji wakae pamoja, wapange siku, mahali na kipimo cha kuni, na mapatano yale yaandikwe na kusomwa mbele ya wote. Lakini vile vile nasema: mara nyingi lori la mbao hujificha nyuma ya mgongo wa yule mama. Mfanyabiashara husema, "Waacheni maskini wapate kuni," kisha yeye ndiye anayepata, na yule mama hubaki na matawi.

Yuko mwingine atakayesema, "Kuacha mti uoze ni kutupa mali." Huyu naye ana ukweli wake, ila lazima tutenganishe msitu na msitu. Upande wa Rongai na Kilimanjaro Magharibi yako mashamba ya miti ya serikali, misindano na misaipresi, ambayo siku hizi husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Miti ile ilipandwa ili ivunwe. Mnamo miaka ya 1980 mwishoni alikuja mdudu mdogo, kidukari wa msaipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986, kisha akaenea Tanzania na Kenya, akakausha misaipresi mingi sana. Mti wa shamba ukikaushwa na mdudu, kuuvuna mapema na kupanda mwingine ni akili. Gogo hupasuka na kuoza, bei yake hushuka, na anayechelewa hupoteza. Kwa hiyo sisemi kila mti mkavu uachwe. Nasema shamba ni shamba, na msitu wa asili ni msitu wa asili, wala mtu asitumie hoja ya shamba kuingia msituni.

Hata katika mashamba, maswali hayaepukiki. Jirani zetu wa Kenya walikataza kukata miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018. Mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa katazo lile, akisema ni upumbavu miti iliyokomaa ioze msituni huku watu wakikosa mbao na kazi. Chama cha Wanasheria cha Kenya kikaenda mahakamani, kikilalamika kwamba wananchi hawakushirikishwa, na mwezi wa Agosti mahakama ikasimamisha agizo lile. Mtaona hapo hoja mbili zilizopambana: moja yasema mti unaoza, nyingine yasema hatukuulizwa. Hata kama ya kwanza ni kweli, haiwezi kuifuta ya pili.

Nasi Watanzania tulikuwa na jambo la namna hii mwaka 2018, Wakala wa Huduma za Misitu ulipotangaza zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2 katika bonde la Rufiji, ndani ya pori la Selous, mahali palipotakiwa kufunikwa na maji ya bwawa la umeme. Hoja ilikuwa kwamba miti ile itazama hata hivyo. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi wake, ikitaka tathmini itangulie. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Sitoi hukumu juu ya bwawa, maana nchi inahitaji umeme. Nataka tu mwone jinsi maneno "utakufa hata hivyo" yanavyoweza kuutanguliza msumeno mbele ya swali.

Wala msidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Marekani, mwezi wa Julai 1995, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya fedha ambayo ndani yake kilichomekwa kipengele juu ya miti iliyokufa au kuugua katika misitu ya umma. Kipengele kile kilifupisha ukaguzi wa mazingira na kuondoa rufani za kawaida mpaka mwisho wa mwaka 1996. Kilisema ni kwa ajili ya miti mikavu, lakini maelezo yake yaliruhusu pia miti iliyo karibu nayo, na hata ile iliyo katika hatari ya kuungua au kuliwa na wadudu. Basi mti gani ulio hai usio katika hatari hiyo? Nilipoyasoma haya nilikumbuka ile karatasi ya pili ya kijijini kwetu. Baadaye, mwaka 2003, wakaweka kanuni nyingine: uvunaji wa miti iliyokufa ukiwa haupiti ekari 250, na barabara ya muda haipiti nusu maili, hauhitaji tathmini ndefu. Kipimo kama hicho chaweza kubishaniwa, lakini angalau ni kipimo, chaweza kuhesabiwa na kushtakiwa.

Katika nchi ile ile, mwaka 2002, moto mkubwa ulioitwa Biscuit uliteketeza karibu ekari 500,000 huko Oregon. Miti iliyoungua ikavunwa katika baadhi ya mahali. Wataalamu wakiongozwa na Daniel Donato walihesabu miche iliyoota yenyewe, wakatangaza mwaka 2006 kwamba pale palipovunwa miche ilikuwa imepungua kwa asilimia 71, na matawi yaliyoachwa chini yaliongeza chakula cha moto. Walidhani wanausaidia msitu upone, nao walikuwa wakiukanyaga mgonjwa.

Na huko Poland uko msitu wa kale uitwao Białowieża. Mwaka 2016 serikali yao iliongeza sana ukataji, ikisema ni kwa ajili ya kuzuia mdudu anayekula miti. Jambo likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 17 Aprili 2018 ikaamua kwamba Poland imevunja sheria, kwa kuwa haikuhakikisha kwanza kwamba ukataji ule hautauharibu msitu. Mdudu alikuwapo kweli. Lakini mdudu si kibali.

Turudi nyumbani. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka juu ya mlima wetu, nanyi nyote mliuona usiku ukiwaka kama mkufu. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka miongoni mwao. Oktoba 2022 ukazuka tena, karibu na kambi ya Karanga. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu mwaka 1976 moto umeondoa zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu wa juu, ule wa mierika unaokamata ukungu na kuugeuza maji. Yeye na wenzake ndio waliotangaza pia, mwaka 2016, kwamba katika bonde moja la mlima huu umesimama mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopata kupimwa Afrika, mita 81 na nusu. Mti ule ulikuwa umesimama pale kabla ya mzungu wa kwanza kuiandika theluji yetu mwaka 1848, na sisi tuliokuwa tukipita chini yake hatukujua.

Kila baada ya moto, ndugu zangu, maneno yale yale hurudi. "Mierika imeungua, tuokote kuni. Miti imekauka, tuiondoe, isije ikaleta moto mwingine." Mengine ni ya nia njema. Ndiyo maana nimewaandalia maswali matano, mafupi, ili hata mtoto wa darasa la tano aweze kuyashika.

Swali la kwanza: mti huu umekufa kwa nini, na nani amekwenda kuutazama mizizi? La pili: uko katika shamba, au katika msitu wa asili, au ndani ya Hifadhi ya Taifa? La tatu: utatolewa kwa njia gani, na njia ile itafungwa na nani? La nne: karatasi yataja idadi, mahali na mwisho wa siku, au imeachwa wazi? La tano: wale wanaokunywa maji ya bonde lile wameambiwa, na neno lao limeandikwa?

Karatasi inayoweza kujibu maswali haya matano, iacheni ipite, hata mkisaidie kijiji kupata mbao zake. Karatasi isiyoweza, semeni, "Hapana, kwanza tujibiwe." Semeni kwa adabu, katika mkutano wa kijiji, si gizani kwa mawe na matusi. Na jibu liandikwe katika muhtasari wa mkutano, maana neno lisiloandikwa hupotea pamoja na wazee.

Walimu wenzangu, nawapa kazi. Sheria hizi zisomwe darasani kama mnavyosoma historia. Wapelekeni watoto mpaka ukingoni mwa msitu, mwaonyeshe kisiki kilichokatwa na kisiki kilichovunjika kwa upepo, wajue tofauti. Mtoto ajuaye tofauti hiyo hadanganyiki akiwa mtu mzima na kalamu iko mkononi mwake. Na kila nyumba ipande kuni zake kihambani, mruka na mgrevilea mpakani, ili mama zetu wasiwe watu wa kuomba kila siku.

Nami niwaambie nilivyofanya. Baba yangu mdogo alipofariki, nilipanda mikamfa miwili ukingoni mwa kihamba chake, kwa idadi ya ile miwili aliyoikiri. Mmoja ulikufa. Nikapanda mwingine. Sijui kama italipa ile iliyoanguka, maana mkamfa hukua polepole kuliko mtu, nami sitaiona ikiwa mikubwa. Kati yake nimepanda isale. Ninyi nyote mwajua maana ya isale huku kwetu: ni mpaka, tena ni neno la kuomba msamaha. Aliyekosana na jirani akileta jani lile, hakataliwi.

Basi jubilei ni wakati wa kuhesabu tulichopewa, na kuhesabu pia tulichochukua. Madawati ya kwanza yalitoka katika mti ulioombwa vizuri, na ada yangu ilitoka katika miti ambayo haikuombwa. Nimewasomea hesabu yangu hadharani, ili nanyi mkirudi nyumbani kila mtu atazame ya kwake. Mti ulioanguka una mwenyewe, na mwenyewe ni sisi sote pamoja na wale watakaokunywa maji haya baada yetu. Tusiuchukue pasipo kuwauliza.